Kadi ya Milango Minane na Askari wa Mpakani

Mtu asimamaye asubuhi kando ya mto Rusizi, mahali unapotoka katika Ziwa Kivu na kuanza safari yake ya kuelekea Ziwa Tanganyika, huona jambo ambalo askari wa zamu amelizoea hata halimshangazi tena. Umati wa watu waendao Bukavu hukutana na umati wa watu watokao Bukavu, wachuuzi wa mboga, wanafunzi, wenye samaki na wenye maziwa, nao wote hupita mmoja baada ya mwingine. Umati ni mkubwa na njia ni nyembamba, lakini kazi huendelea kwa kuwa kila mtu hungoja zamu yake.

Tumeanza na daraja hilo kwa makusudi, ndugu askari, kwa sababu nyuma ya kompyuta nyingi za vituo vya mipakani kuna mlango ufanyao kazi kwa utaratibu huo huo. Mlango huo huitwa poti ya sirio. Herufi hazipiti humo kwa kundi; hupita moja moja, na kila herufi hutanguliwa na ishara ya kuanza na kufuatwa na ishara ya kumaliza. Utaratibu huu haukubuniwa na watu wa kompyuta. Waliurithi kwa mashine za simu ya maandishi, na neno baudi, ambalo askari wa mawasiliano hulitumia kupimia mwendo wa ishara, latokana na jina la Mfaransa Émile Baudot aliyeishi katika karne ya 19.

Yafaa tujiulize kwa nini jambo la kale namna hiyo limsumbue askari wa leo. Jibu ni kwamba vyombo vingi vya kazi bado huzungumza kwa njia hiyo: vipimo vya mizani ya malori, mashine za kusomea hati za safari, baadhi ya redio za masafa marefu, vifaa vya ulinzi wa mitambo ya umeme, na modemu za kila aina. Hata modemu ya simu ya mkononi, ile ndogo yenye laini ya simu ndani yake, ikiunganishwa na kompyuta aghalabu hujionyesha kama poti ya sirio, nayo huelewa amri zinazoanza na herufi AT, ambazo asili yake ni modemu ya kampuni ya Hayes ya mwaka 1981.

Kompyuta za zamani zilitoka kiwandani na poti mbili tu za namna hii, na nyingi za leo hazina hata moja. Basi mwenye vyombo vinane hulazimika kununua kadi ya poti nyingi, ambayo huchomekwa ndani ya kompyuta na kutoa mkia wa nyaya nane mithili ya pweza. Kadi kama hizo ndizo zilizobeba mtandao wa intaneti ulipoingia katika nchi zetu katika miaka ya 1990. Mteja alipiga simu, modemu moja kati ya nane au kumi na sita ikaitika, na nyuma ya modemu hizo ilikuwapo kadi moja ikizikusanya zote katika kompyuta moja. Rwanda ilipojengewa njia ya nyuzi za kioo yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2,000, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kazi hiyo ya kadi ilikwisha. Kazi yake ya kuunganisha vyombo haikwisha.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya, yaani draiva. Kadi ikichomekwa bila draiva ni kipande cha chuma tu. Draiva ni programu ndogo isimamayo kati ya kadi na mfumo wa kompyuta kama mkalimani asimamavyo pale darajani kati ya asemaye Kinyarwanda na asemaye Mashi. Mkalimani asiyejua lugha mojawapo huleta ugomvi, na draiva ya kadi nyingine huleta hasara, hata kama kadi hizo mbili zafanana kwa umbo na kwa rangi ya boksi.

Kwa hiyo mtu asidanganywe na boksi. Kila kadi ya leo hubeba namba yake ya utambulisho, tarakimu nne za mtengenezaji na nne za kifaa chenyewe, kama vile askari abebavyo namba yake ya jeshi. Namba hiyo huonekana katika orodha ya vifaa ndani ya kompyuta, hata kabla draiva haijawekwa. Fundi mwangalifu huisoma kwanza, akaiandika katika kitabu, ndipo akatafuta draiva ya namba hiyo. Fundi wa haraka hutafuta kwa jina la duka.

Kadi za zamani hazikuwa na namba hizo, na taabu yake ilikuwa kubwa zaidi. Kila poti ilitaka vitu viwili: anwani ya kupelekea herufi, na kengele ya kumwita bwana mkubwa, yaani kichakato cha kompyuta, kila herufi inapofika. Kengele zilikuwa chache. Poti ya kwanza na ya tatu zilipewa kengele ya nne. Ya pili na ya nne zikapewa kengele ya tatu. Walinzi wawili wakipewa filimbi moja, mkuu wa zamu hawezi kujua nani amepiga. Ndiyo maana kompyuta nyingi za wakati ule zilikwama mara tu modemu na kipanya vilipotumika pamoja. Kadi za poti nane zilitatua jambo hilo kwa kutumia kengele moja kwa makusudi, na draiva yake ilifundishwa kwamba kengele ikilia, iende ikague milango yote minane mmoja mmoja. Draiva ya kawaida haikuwa na mafunzo hayo, ikakagua mlango mmoja na kurudi kulala.

Upesi nao ni shida. Kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, ambapo kila herufi huchukua biti kumi, herufi 11,520 hufika katika sekunde moja. Chipu za zamani zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu, hivyo kompyuta ikichelewa kidogo herufi ya pili iliifuta ya kwanza. Chipu iitwayo 16550A ilileta ghala la herufi kumi na sita. Ni ghala dogo mno, lakini lilitosha kuokoa kazi, maadamu draiva ilijua kwamba ghala hilo lipo na kulifungua.

Tutoe mfano tuliouona wenyewe. Katika kituo kimoja, ambacho hatuna haja ya kukitaja, kompyuta ya mizani iliharibika ikaletwa mpya. Diski ya draiva ya kadi haikuonekana. Inasemekana ilikuwa imetumiwa kuzuia dirisha lisigonge. Draiva ikapatikana kwa njia nyingine, kadi ikatambuliwa, lakini mizani haikusema neno. Karani alipima kwa kalamu na karatasi, na malori yakajipanga barabarani. Kosa lilipogunduliwa lilikuwa la kutia aibu. Kompyuta mpya ilikuwa imeipa poti ya mizani namba 12, na programu ya mizani, iliyoandikwa zamani, haikujua kufungua poti yenye namba ya tarakimu mbili. Poti ilirudishwa kwenye namba 3, na mizani ikaanza kusoma papo hapo. Kazi yote ya kubadili namba haikufika dakika tano.

Katika mfumo wa Linux kuna mtego unaofanana na huo. Draiva huwa tayari imo ndani ya kiini cha mfumo, lakini mara nyingi kiini hicho hupangwa kutayarisha poti nne tu. Mwenye kadi ya poti nane huona nne zikifanya kazi na nne zimekufa, akaishutumu kadi. Kumbe yampasa tu kuuambia mfumo, wakati wa kuwaka, kwamba poti ni nane au zaidi, kwa maneno 8250.nr_uarts=8.

Njia ya kujua kama poti ni nzima haihitaji chombo chochote cha ghali. Katika kichwa cha nyaya chenye pini tisa, pini ya pili hupokea na ya tatu hutuma. Ziunganishe kwa kipande cha waya, fungua programu ya mawasiliano, zima udhibiti wa mtiririko, kisha andika herufi. Herufi ikirudi kwenye kioo, poti na draiva ni nzima, na ugonjwa uko mbele yake, katika waya au katika chombo. Isiporudi, usiguse chombo. Rudi kwenye draiva. Tumewaona watu wakifungua mizani nzima kwa kukosa jaribio hili la kipande cha waya.

Kwa nini tunasisitiza kwamba askari mwenyewe ayajue haya? Kutoka Kigali hadi Kamembe ni zaidi ya kilometa 200 za barabara, na sehemu yake hupita katika msitu wa Nyungwe. Fundi aitwaye jioni hafiki usiku huo. Isitoshe, wakati huu ni mgumu kuliko jana. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinahamia Windows 11, ambayo ni ya biti 64 peke yake. Mfumo wa namna hiyo haukubali draiva ya biti 32, tena haukubali draiva isiyo na sahihi inayoaminiwa. Kadi iliyofanya kazi miaka ishirini yaweza kunyamaza siku kompyuta inapobadilishwa, ijapokuwa haina ubovu wowote.

Wengine hukimbilia waya wa bei nafuu ugeuzao poti ya USB kuwa ya sirio. Ni msaada mzuri, lakini soko limejaa chipu za kughushi. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti ilitoa draiva mpya iliyofika kwa watu kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya kughushi iliifuta namba yake ya utambulisho na kuiandika sifuri, hata kompyuta isiitambue tena. Watu wasio na hatia walijikuta na vifaa vilivyokufa, wala hawakujua kwamba walikuwa wameuziwa bandia. Malalamiko yalikuwa makubwa na draiva ikaondolewa. Sisi twaona kampuni ilikuwa na haki ya kulinda mali yake, lakini haikuwa na haki ya kuua chombo kilicho mikononi mwa mtu aliyedanganywa, ambacho pengine kimeunganishwa na mashine ya hospitali au ya kituo cha ulinzi.

Ndugu polisi wana sababu nyingine ya kuijua draiva. Katika nchi nyingi, na za Afrika Mashariki zikiwamo, wahalifu hutumia vifaa vyenye modemu nyingi za simu za mkononi, vyenye laini kumi na sita, thelathini na mbili au zaidi, kuingiza simu za nje kwa mlango wa nyuma. Simu itokayo ng'ambo hupitishwa kwenye intaneti, ikatolewa na mojawapo ya laini hizo kama simu ya hapa nyumbani. Serikali hukosa ushuru, kampuni za simu hukosa mapato, na baya zaidi kwa mpelelezi, namba aionayo mpokeaji si ya yule aliyepiga.

Askari akiingia katika chumba na kukuta sanduku lenye antena nyingi limeunganishwa na kompyuta, asikimbilie kuchomoa laini za simu. Kwanza apige picha, aandike ni laini ipi ilikaa katika tundu lipi, kisha amwite mtaalamu. Asichomeke sanduku hilo katika kompyuta ya ofisi ili kuona lafanya nini, kwa maana kompyuta ya ofisi itaweka draiva na kumbukumbu zitachanganyika. Katika mfumo wa Windows, kila kifaa kinapowekewa draiva, habari zake huandikwa katika faili liitwalo setupapi.dev.log, pamoja na siku, saa na namba ya utambulisho wa kifaa. Orodha ya poti zilizowahi kugawiwa hubaki pia, hata baada ya vifaa vyenyewe kuondolewa.

Maana yake ni kwamba mtuhumiwa adaiye kuwa sanduku lililetwa kwake jana na rafiki asiyemjua vizuri, huku kompyuta yake ikiwa na poti zilizofika namba 34 na kumbukumbu ya draiva ya miezi minane iliyopita, ana maelezo ya kutoa. Saa ya kompyuta yaweza kuwa ilibadilishwa, kwa hiyo mpelelezi huilinganisha na saa halisi siku ya upekuzi na kuandika tofauti yake. Halafu tarehe zile hupelekwa kwa kampuni ya simu, ambayo hutazama laini zilizokamatwa zilianza kupiga lini na kutoka mnara upi.