Njia Usiyoipanda, Usiiteremke
Kuwachagulia vijana wetu njia za baiskeli katika milima na misitu ya Lushoto

Likizo ya Juni inapokaribia na mvua za masika zinapokoma, baiskeli zilizohifadhiwa stoo hutolewa tena uani. Cheni hupakwa mafuta, matairi hujazwa upepo, na vijana huanza kuhesabu siku. Hapa Lushoto baiskeli si ya kwendea dukani na shuleni tu. Vijana wetu hupanda nazo kwenye migongo ya milima na kuingia misituni, na baadhi yao hurejea jioni wakiwa wamechubuka magoti na viwiko. Wazazi kadhaa wametuuliza iwapo jambo hili lipigwe marufuku.

Rai yetu ni kuwa lisipigwe marufuku, bali lipangwe. Mchezo huu hujenga mwili, humwondoa kijana mbele ya simu, na humfundisha kuijua ardhi aliyozaliwa. Madhara mengi tunayoyaona chanzo chake ni njia iliyochaguliwa vibaya, na kuchagua njia ni kazi ambayo mzazi anaweza kuifanya hata kama yeye mwenyewe hajawahi kupanda baiskeli.

Mlima hupimwa kwa kuteremka

Mchezo wa baiskeli za milimani ulipata umbo lake la sasa katika miaka ya 1970, jimboni California nchini Marekani, kwenye vilima vya Marin karibu na San Francisco. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene na kuteremka nazo kwenye barabara za udongo. Mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja waliouita Repack. Jina hilo lina kisa. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, hata ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha panapokaa hatari. Kupanda mlima huchosha, lakini mtu akichoka hushuka akaikokota baiskeli yake. Kuteremka hakuchoshi, na kwa hiyo hakumwonyi mtu mpaka breki ziwe zimeshindwa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na kwetu sisi watu wa milimani msemo huo una maana yake ya wazi kabisa.

Tazama barabara yetu kuu. Kutoka Mombo, iliyo kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ni kilomita 33. Wastani wake ni mita 30 za kupanda kwa kila kilomita. Njia ya miguu inayokata mashamba huweza kuteremka mita hizo hizo 30 ndani ya mita 150 tu. Mtoto aliyezoea barabara akiingia kwenye njia ya namna hiyo huwa amebadilisha mchezo bila ya kujua.

Wajenzi wa njia za baiskeli katika nchi nyingi hulenga wastani usiozidi mita 10 za mteremko kwa kila mita 100 za njia. Kipimo hicho kinapatikana nyumbani. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, ncha yake moja iguse ardhi upande wa juu, kisha uuweke sawasawa kwa kutumia chupa ya maji iliyolazwa juu yake. Pima nafasi iliyopo kati ya ncha ya pili na ardhi. Ikizidi sentimita 10, mteremko huo si wa mtoto anayejifunza.

Asiye na ubao ashike kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya: njia usiyoipanda, usiiteremke. Kijana akipanda njia kwa baiskeli au kwa miguu, huwa ameviona vishimo vyake, mizizi yake, kona zake na watu wake. Akirudi kuteremka, anakwenda mahali anapopajua.

Udongo na majira yake

Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba si nyakati za kuingia kwenye njia nyembamba. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, ingawa asubuhi huwa na baridi na ukungu, na aliye barabarani haonekani kwa mbali. Hata wakati wa kiangazi, chini ya miti mikubwa njia huendelea kuwa na unyevu siku kadhaa baada ya manyunyu.

Ipo sababu nyingine ya kuzikwepa njia mbichi. Gurudumu likipita kwenye tope huacha mfereji, na mvua inayofuata huutumia mfereji huo kama mto mdogo unaoshusha udongo wa shamba la mtu bondeni. Mmomonyoko wa ardhi una historia ndefu katika Usambara. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo huko Mlalo na kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta. Wasambaa waliupinga, na ulikoma mwaka 1957. Katika miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulirejea kazi hiyo kwa njia ya miti, majani ya malisho na makinga maji. Makinga hayo unayoyaona mashambani ni jasho la wazee wetu, na haifai kuyageuza kuwa mahali pa kurukia baiskeli.

Wenye njia

Njia nyembamba za milima yetu zina wenyewe. Zinapitwa na akina mama waliobeba kuni na majani ya ng'ombe, watoto waendao madrasa, na wazee wanaotembea na mkongojo. Jambo la namna hii limewahi kufikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu. Mama mmoja alikuwa akishuka na mzigo wa kuni kichwani, baiskeli ikamtokea nyuma, naye akaanguka kwa kushtuka. Kijana alijitetea kwamba hakumgusa, na kwamba njia ni ya watu wote. Mama alijibu kuwa baiskeli haina sauti, na aliyebeba mzigo hawezi kugeuza shingo. Wazazi wa pande zote mbili walikubaliana kwamba kijana ambebee kuni hizo kwa juma zima, naye alizibeba. Baada ya siku ya tatu hakuna aliyehitaji kumweleza uzito wa jambo lenyewe.

Sisi tumefundishwa kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwake ni kumwondolea mpita njia udhia. Kwa mwenye baiskeli maana yake ni kengele, salamu ya mapema, kupunguza mwendo, na kushuka kabisa anapokutana na mwenye mzigo au mnyama. Huko Marin, mchezo huu ulikozaliwa, ugomvi kati ya waendesha baiskeli, waenda kwa miguu na wapanda farasi ulifanya njia nyingi nyembamba zifungwe kwa baiskeli, ikabaki ruhusa kwenye barabara pana za udongo. Vijana wetu wanaweza kujifunza hayo kabla hawajafungiwa.

Njia tunazozipendekeza

Kwa anayeanza, tunapendekeza barabara ya udongo ya Lushoto kwenda Irente kupitia Yoghoi. Ni kama kilomita 6, ni pana, na watu wapo wa kumsaidia aliyepata shida. Mwishoni kuna jabali linalotazama Mazinde na tambarare za chini. Baiskeli ziachwe mbali na ukingo, na watoto waende kutazama kwa miguu wakiwa na mtu mzima.

Kwa aliyekwisha kuzoea gia na breki zake, ipo barabara ya udongo kutoka Magamba kuelekea Migambo na Mkuzu, yenye kupanda na kushuka kwa zamu na kivuli cha msitu. Jirani yake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Humo kuna mikulo mikubwa na mbega weusi kwa weupe. Kuingia hifadhini kunahitaji kibali. Wahusika waulizwe kwanza ni njia zipi zinaruhusiwa kwa baiskeli, kisha pasikatwe njia mpya hata ya hatua mbili.

Safari ya Lushoto hadi Mtae kupitia Lukozi, takribani kilomita 60, tunawaachia watu wazima wenye mazoezi, na walale huko huko kabla ya kurejea.

Njia tunayoikataa kwa vijana ni mteremko wa lami kutoka Soni hadi Mombo. Una kona kali, malori ya mboga na mabasi, na ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Siku za gulio ni vema kuziepuka barabara zote kuu.

Kabla ya kutoka

Mzazi asimame kando ya baiskeli, abane breki ya mbele na kuisukuma mbele, gurudumu lisizunguke. Afanye vivyo hivyo kwa ya nyuma. Raba zilizolika na waya uliochanika vibadilishwe kabla ya safari. Kiti kishushwe kidogo kwa ajili ya kuteremka, na mtoto afundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kofia ngumu ivaliwe. Kwa mabinti, suruali pana ifungwe kwenye kifundo cha mguu na kanzu iwe fupi ya kutosha isinaswe na cheni. Stara na usalama havigombani.

Watoke wawili au zaidi, wakiwa na pampu, viraka na maji, na nyumbani wajue wanapita wapi. Mwezi wa Juni jua huzama saa 12 na nusu hivi, lakini mabondeni giza hutangulia. Safari ipangwe ili Alasiri iwakute wameshageuza kurudi, na Magharibi iwakute nyumbani.

Na kwa mara ya kwanza katika njia yoyote mpya, mzazi na mtoto waipande pamoja kwa miguu.