Elimu ya Miamba na Faida Yake kwa Nchi

Watu wengi, wamwonapo kijana aliyesoma akigonga mawe kwa nyundo kando ya barabara, hucheka na kuulizana, "Je, hii ndiyo kazi ya msomi?" Na wazazi wengine, mtoto wao asemapo kwamba ataka kusoma jiolojia katika chuo kikuu, humwambia ya kuwa heri asome udaktari au sheria. Lakini yako mambo makubwa ya nchi ambayo daktari na mwanasheria hawawezi kuyaamua vema mpaka kwanza aulizwe mtu ajuaye miamba. Mojawapo ni maji ya kunywa.

Maji na Meno ya Watoto

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji yatokayo chini ya ardhi yana floraidi nyingi. Floraidi haionekani kwa macho wala haina harufu. Asili yake ni miamba ya volkeno. Maji yapitapo katika miamba hiyo kwa miaka mingi huiyeyusha kidogo kidogo na kuichukua. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Mtoto anywaye maji yaliyozidi mno kiasi hicho huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, mifupa yake yaweza kuuma na hata kupinda.

Basi watu wa kijiji wakichanga fedha zao na kuchimba kisima kirefu mahali popote tu, huenda wakakosa maji kabisa, au wakapata maji mengi yenye madhara. Mwanajiolojia huanza kwa kutazama ramani ya miamba. Kisha hupima ardhi kwa vyombo vya umeme, na kuchukua maji ya visima vya jirani yapimwe. Ndipo aonyeshapo mahali pa kuchimba. Hawezi kukata shauri kama mganga wa ramli, lakini huokoa fedha nyingi zisipotee bure.

Mambo Yafundishwayo

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi masomo haya hufanywa huko Chiromo, na shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Atakaye kuyasoma yampasa awe hodari katika hesabu, fizikia na kemia, na jiografia nayo humfaa sana.

Mwanafunzi huanza kwa kujifunza jamii tatu za miamba. Ya kwanza ni ile iliyotokana na uji wa moto wa ndani ya dunia, kama miamba ya Mlima Kenya, ambao zamani ulikuwa volkeno. Ya pili ni ile iliyofanyizwa kwa mchanga, udongo au viumbe vya baharini vilivyolundikana, kama mawe ya matumbawe yaliyojengewa majumba ya kale ya Mombasa na Lamu. Ya tatu ni miamba iliyogeuzwa kwa joto na uzito mwingi chini ya ardhi, kama ile ya Milima ya Taita, ambako vito vya thamani hupatikana.

Hufundishwa pia kuyatambua mawe kwa ugumu wake, rangi yake na uzito wake. Tone la asidi likiangushwa juu ya jiwe la chokaa, hutoa povu mara moja. Mawe mengine hukatwa na kusuguliwa mpaka yawe membamba kabisa, yapata sehemu 3 katika 100 za milimita, hata nuru ikaweza kupenya. Ndipo yatazamwapo kwa hadubini.

Lakini darasa kubwa zaidi ni nyikani. Huko mwanafunzi huenda na nyundo, dira, ramani na daftari, akapima jinsi tabaka za miamba zilivyolala, na jioni akachora aliyoyaona. Jua ni kali na mwendo ni mrefu. Asiyependa kutembea kwa miguu yafaa atafute somo jingine.

Mvuke wa Olkaria

Hivyo ndivyo alivyofanya Bwana J. W. Gregory, Mwingereza, ambaye mwaka 1893 alisafiri kutoka pwani hadi Ziwa Baringo. Alipotazama kuta za bonde, alieleza ya kuwa bonde hilo halikuchimbwa na mto, bali nchi ilipasuka na sehemu ya katikati ikadidimia. Kwa kuwa hapo ardhi imepasuka, moto wa ndani uko karibu zaidi.

Wataalamu walitaka kuutumia moto huo. Mwaka 1956 uchimbaji ulianzwa huko Olkaria, karibu na Naivasha, lakini visima viwili vya kwanza havikuleta faida iliyotazamiwa. Uchunguzi uliendelezwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wenye nguvu za megawati 15, ukaanza kutoa umeme kwa mvuke. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini. Kama watu wangalikata tamaa kwa sababu ya visima vile viwili, mali hiyo ingalikuwa bado imefichika.

Kazi Baada ya Masomo

Wahitimu huajiriwa katika kazi za maji, migodi, umeme wa mvuke, na ujenzi wa barabara na mabwawa. Tangu mwaka 1993 Kenya ina sheria ya kuwaandikisha wanajiolojia, ili watu wasidanganywe na wasio na ujuzi.

Basi mzazi ambaye mwanawe apenda kuokota mawe asimkemee upesi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mengi ambayo nchi yahitaji, kuanzia maji safi ya kumpa mtoto, yamo mvunguni mwa ardhi.