Mama wa vitabu ameingia kwa intaneti

Tulimukuta mama mutunza-bibliotheke mu Kolwezi mbele ya ordinatere, kidole kimoja kikitafuta herufi. Miaka mingi kazi yake ilikuwa fishi za karatasi: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, namba ya etajeri. Sasa kijana wa jirani anamufundisha kutafuta kwa intaneti.

Baba mumoja muchimbaji alikuwa anangoja. Alitaka kujua kampuni ina deni gani kwa kartie yao. Mama akaandika swali refu kama barua, hakukutoka kitu. Kijana akasema: « Mama, weka maneno matatu tu. » Akaandika: code minier RDC. Ikatoka sheria ya 2002.

« Angalia tarehe kwanza, mama. Hii ilisha kubadilishwa. »

Akatafuta tena, akapata ile ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Wakasoma pamoja artikulo 258 bis: kampuni inapashwa kutoa kisichopungua 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Ile ya 2002 haikuwa na neno hilo.

Baba akaomba biki, akaandika namba ya artikulo mu kiganja.

Wazazi, mukipita bibliotheke, ingieni. Kuuliza si haya.