Zege Kuukuu Chini ya Barabara Mpya

Wengi wetu tuishio hapa Uingereza tumekwisha kuyaona maghorofa ya zamani yakibomolewa mitaani mwetu. Je, kifusi chote kile huenda wapi?

Sehemu kubwa huishia chini ya magurudumu ya magari. Barabara hujengwa kwa matabaka. Juu huwa lami. Chini yake hutandazwa kokoto zilizoshindiliwa, nazo huupokea uzito na kuutawanya juu ya udongo. Kokoto hizo si lazima zichimbwe upya ardhini. Zege kuukuu huvunjwavunjwa kwa mashine, sumaku ikazinasa nondo, kisha vipande vikachekechwa na kutengwa kwa ukubwa wake.

Jambo hili si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kifusi cha nyumba za London zilizopigwa mabomu kilipelekwa East Anglia kujengea viwanja vya ndege vya kijeshi. Mwaka 2002 serikali ilianzisha kodi, kwanza pauni 1.60, kwa kila tani ya mchanga, kokoto na mawe yaliyochimbwa upya; zege lililosagwa halitozwi. Na kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2012, zaidi ya asilimia 90 ya kifusi cha majengo yaliyobomolewa kule Stratford kilitumika tena.

Hata hivyo, si kila kifusi kifaacho. Saruji ya zamani iliyoshikamana na kokoto hunywa maji, hivyo fundi hulazimika kuongeza maji anaposhindilia. Maji yapitayo humo hubeba chokaa, ambayo huweza kuziba mifereji. Baya zaidi ni uchafu. Plasta ya jasi ikichanganyika na zege penye unyevu, huweza kulifanya livimbe na kuipasua sakafu. Asbesto nayo, iliyopigwa marufuku kabisa nchini humu mwaka 1999, ingalimo katika majengo mengi ya zamani. Vumbi lake huharibu mapafu, na ni lazima iondolewe kabla ya ubomoaji.

Basi, anayenunua kifusi cha bei nafuu kwa ajili ya njia ya gari nyumbani kwake aulize: kimetoka jengo gani, kimepimwa na nani, na hati yake iko wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zege lililochambuliwa vyema ni jiwe kamili. Lisilochambuliwa ni taka iliyofichwa chini ya miguu ya watoto wetu.