Safari iende kwa mwendo wa watoto



Katika sura ya 33 ya kitabu cha Mwanzo, sisi wahubiri tukishamaliza kueleza jinsi Yakobo na Esau walivyokumbatiana na kulia, huwa tunafunga kitabu. Tunaacha aya chache zilizo chini yake. Hapo Esau, mwenye msafara wa wanaume 400, anamwambia ndugu yake waondoke na kuongozana. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamweleza kwamba watoto wake bado ni wachanga, mifugo yake inanyonyesha, na ikiswagwa kwa haraka hata kwa siku moja tu, itakufa yote. Anamsihi atangulie. Yeye atakuja nyuma polepole, kama watoto watakavyoweza.

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya simu niliyopigiwa na mume na mke niliowafungisha ndoa miaka mingi iliyopita, ambao sasa wanaishi Houston, Texas. Wana watoto watatu: wa miaka minane, mitano na miwili. Wanapanga kuendesha gari kilomita kama 1,500 hadi Orlando, katika jimbo la Florida, kuwapeleka watoto Walt Disney World. Mama alikuwa ameshaandika ratiba: bustani nne kwa siku nne, kuingia mlango unapofunguliwa asubuhi, kutoka baada ya fataki za usiku. Baba yeye alikuwa na jambo jingine. Mdogo wake aliyeko huku nyumbani anahitaji ada ya chuo. Akaniuliza, "Padre, hivi ni dhambi kutumia fedha zote hizi kwa ajili ya bembea?"

Kwanza nieleze mahali penyewe, maana wengi wetu tunapajua kwa jina tu. Ni eneo la takriban ekari 25,000, lenye hoteli, barabara zake, na bustani kuu nne za burudani. Ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa Oktoba 1, 1971, miaka karibu mitano baada ya kifo cha mwanzilishi, Walt Disney. Kabla ya hapo alikuwa ameshafungua Disneyland ya California mwaka 1955. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia wazo hilo lilivyomjia. Siku za Jumamosi aliwapeleka binti zake wawili kwenye bustani ya Griffith Park, Los Angeles, wakapande farasi wa mbao wanaozunguka, na yeye akakaa kwenye benchi akila karanga. Akajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja, badala ya mmoja kucheza na mwingine kusubiri. Biashara iliyotokana na swali hilo ni kubwa mno leo, lakini swali lenyewe lilikuwa la baba, na lilikuwa swali zuri.

Sasa turudi kwenye ratiba ya mama. Nilimwambia ile ni ratiba ya Esau. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukaa juani kuanzia asubuhi hadi saa tatu usiku, na Florida wakati wa kiangazi chao kuna joto kali asubuhi na ngurumo za mvua mchana. Msimu wa vimbunga nao unaanza Juni na kwisha Novemba. Wanaopajua hupendelea kwenda mwishoni mwa Januari au mapema Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na foleni zikiwa fupi, ingawa Septemba inabidi kuangalia hali ya hewa. Asubuhi watoto wana nguvu, basi waingie mapema. Saa sita warudi hotelini, wale, mdogo alale, hata wakubwa walale. Jioni watoke tena kama miguu inaruhusu. Bustani mbili zilizofurahiwa zinatosha. Hizo nyingine hazina miguu ya kukimbia.

Mtoto wa miaka mitano ana shida yake. Michezo mingi haipimi umri, inapima urefu. Kuna treni ya Wale Vibeti Saba inayotaka mtoto awe na sentimita 97, na ile ya gizani iitwayo Space Mountain inataka 112. Huyu wa kati huenda akapanda ya kwanza na akazuiliwa ya pili, mbele ya kaka yake, baada ya foleni ndefu. Hapo ndipo machozi yanapoanza, na ndipo baba anapopandisha sauti. Kumbe jambo hilo linazuilika jikoni, wiki mbili kabla, kwa futi ya fundi cherehani na penseli ya kuweka alama ukutani. Mwambieni mtoto ukweli angali nyumbani. Kwa wazazi upo utaratibu mzuri: mmoja anapanda na mkubwa huku mwenzake akibaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila wa pili kupanga tena foleni yote. Waulize pale mlangoni pa mchezo.

Kuna watu walimwambia mama huyu kwamba ni upotevu kumpeleka mtoto wa miaka miwili kwa kuwa hatakumbuka chochote. Mimi ni padre, nabatiza watoto wachanga karibu kila mwezi. Hakuna hata mmoja kati yao anayekumbuka ubatizo wake, na sijasikia mzazi Mkatoliki akisema basi tuache. Mtoto hupokea vitu vingi asivyoweza kuvisimulia baadaye. Na tena, kwa wasiofikisha miaka mitatu hakuna kiingilio pale, jambo ambalo baba alilipokea kwa furaha kuliko hoja yangu ya ubatizo.

Swali lake sikulikimbia. Kiingilio cha mtu mzima kwa siku moja yenye watu wengi kinaweza kupita dola 150, na kuanzia miaka 10 mtoto huhesabiwa mtu mzima. Kwa familia yenye watu wanne wanaolipa, siku moja ya namna hiyo ni zaidi ya dola 500, yaani zaidi ya shilingi milioni moja, kabla ya hoteli, mafuta na chakula. Ndugu yake akiona picha zile kwenye simu, na yeye barua ya kudaiwa ada iko mezani, atawaza nini?

Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 14, kuanzia aya ya 22. Ni sheria ya zaka, lakini ina jambo ambalo halisemwi sana tukihimiza zaka. Mwisraeli alitenga sehemu ya kumi ya mazao yake, akaenda nayo mahali patakatifu, na huko akaila yeye mwenyewe pamoja na nyumba yake. Kama njia ilikuwa ndefu, aliruhusiwa kuuza mazao, kufunga fedha mkononi, kisha kununua huko chochote roho yake ilichotamani, nyama, hata divai, na kufurahi mbele za Bwana. Mungu mwenyewe aliagiza familia isafiri, itumie, ifurahi. (Aya inayofuata inaagiza wasimsahau Mlawi. Sisi mapadre tunaipenda aya hiyo, lakini leo sitaikazia.)

Halafu, mara tu baada ya hapo, sheria inasema kwamba kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka inabaki mlangoni kwao, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale mpaka washibe. Ni sheria ileile, na mtu ni yuleyule. Hakuambiwa auze furaha ya watoto wake ili awalishe maskini, wala hakuruhusiwa kusema mwaka huu maskini wasubiri kwa kuwa fedha imekwisha sikukuu. Kila fungu lilikuwa na wakati wake, na lilitengwa kabla halijatumika.

Nilimwambia baba: fungu la mdogo wako liamue sasa, kabla hujanunua tiketi. Huenda si ada yote, ni nusu. Mpigie umwambie kiasi na tarehe, na umwambie pia kwamba unawapeleka watoto likizo. Ndugu anayeambiwa ukweli huumia kidogo. Anayegundua kwenye picha huumia sana. Kama baada ya kutenga fungu hilo fedha ya safari haitoshi, safari isogee mwaka mwingine. Isilipwe kwa kadi ya mkopo. Huko Marekani kadi nyingi zinatoza riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka, na watoto wataishi miezi mingi na wazazi wenye hasira kwa sababu ya siku tatu za kucheka. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu aliwakemea waliokwepa kuwatunza wazazi wao kwa kisingizio cha sadaka. Kama sadaka ya hekaluni haikukubaliwa kuwa kisingizio, bembea haiwezi.

Lakini naandika pia kwa upande wa pili, kwa sababu barua nyingi ninazopokea ni za upande wa pili. Kuna wazee wetu na wadogo zetu huku nyumbani wanaomwona kijana aliye ng'ambo kama mti usiohitaji maji. Huyu baba anafanya kazi zamu za usiku. Mkewe anafanya za mchana. Kuna siku watoto wanamwona mzazi mmoja akiingia na mwingine akitoka. Papa Fransisko alipenda kuwauliza wazazi vijana kama wanapata nafasi ya kucheza na watoto wao, na hakuuliza kwa mzaha. Mwanao akipata siku tatu za kuwa na baba asiye na usingizi wala simu, usimhesabie kwamba ameiba ada ya mtu.

Gharama zinapunguzwa na mengine madogo ambayo matangazo hayayakazii. Bustani zile zinaruhusu mtu kuingia na chakula chake, mradi asibebe chupa za vioo wala pombe. Mama afungashe mikate, matunda, hata maandazi. Maji baridi kwenye kikombe hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula cha haraka ukiomba.

Jumapili je? Hilo hawakuniuliza, nikaliuliza mimi. Likizo haimwondolei Mkristo wajibu wa Misa, na Sheria ya Kanisa inakubali pia Misa ya Jumamosi jioni. Orlando hawana udhuru: kuna basilika ya Maria Malkia wa Ulimwengu, kilomita chache tu kutoka bustani hizo, iliyojengwa makusudi kwa ajili ya watalii na kupewa hadhi ya basilika mwaka 2009. Waingie hata kama watoto wamevaa kofia zenye masikio ya panya. Wazivue mlangoni.

Kuna safari nyingine ya kifamilia ambayo Injili ya Luka inaisimulia, na kila mzazi anayeingia kwenye umati aisome kabla ya kufunga mizigo. Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yuko kwenye msafara. Kila mmoja pengine alidhani yuko na mwenzake. Walimpata baada ya siku tatu, na mama hakuficha uchungu wake. Kama ilitokea kwa Familia Takatifu, itatokea kwako, tena mbele ya duka la pipi. Andikeni namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyofutika. Mwonyesheni mfanyakazi mwenye jina kifuani anavyofanana, ili ajue nani wa kumwendea. Na kila saa mmoja aseme wazi, "Sasa watoto wako kwangu."

Nikawaomba kama wanachagua bustani mbili, mojawapo iwe Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Humo ndani wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, walioutengeneza kwa mfano wa Lamu, wakauita Harambe. (Wenye lugha wataona herufi moja imepungua.) Kutoka hapo watu wanapanda magari ya wazi kwenda kuona simba, twiga na tembo walio hai, kwenye safari iliyopewa jina la Kilimanjaro, na haina kipimo cha urefu, hata yule wa miaka miwili anapanda. Watoto hawa watatu wanasikia Kiswahili bibi yao anapopiga simu tu. Huko watakikuta kimeandikwa ukutani, na wageni wa dunia nzima wakijaribu kukitamka. Wafundisheni maneno 20 njiani. Kilomita 1,500 zinatosha. Mkubwa awasomee wengine.

Wengi wenu mnaosoma hapa hamwendi Florida. Mnawapeleka watoto Kunduchi kwenye maji Jumatatu ya Pasaka, kwa daladala mbili na bajaji, na nyumbani mnarudi mdogo akiwa amelala begani. Mwendo ni uleule, na aya ni ileile, ila nawaongezea moja, Kumbukumbu la Torati 16:14. Inataja kwa majina wanaopaswa kufurahi siku ya sikukuu: wewe, mwanao, binti yako, na kabla hata ya kumfikia Mlawi, mtumishi wako wa kiume na wa kike. Dada wa kazi ametajwa. Hajatajwa kama mtu wa kushika mifuko na kufuta pua za watoto wakati wengine wanaogelea. Naye akate tiketi dirisha lilelile, na mmoja wa wazazi akae na mifuko kwa saa nzima, yeye aingie majini.