Tutembelee Saanane, Tujihadhari na Kichocho

Familia nyingi za Mwanza hupenda kutembelea kisiwa cha Saanane siku za mapumziko. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ukivuka kwa boti kutoka Capri Point, baada ya dakika chache tu uko kwenye mawe makubwa, swala pala na pimbi. Matembezi ya namna hii hunyoosha viungo na kupumzisha akili, nasi tunawahimiza wazazi wayafanye.

Lakini tuseme wazi habari ya maji. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wakaao penye maji matulivu yenye majani hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache, hata kama mtoto ametumbukiza miguu tu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile ambazo watoto hutamani kuoga.

Basi watoto wacheze nchi kavu. Aliyelowa ajifute upesi kwa taulo, ingawa hiyo si kinga kamili. Na wote wajisaidie chooni, kwa maana mayai ya kichocho hurudi ziwani kwa njia ya kinyesi.

Kichocho kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara au akiharisha damu, mpelekeni zahanati apimwe choo. Dawa ya prazikwanteli huponya, lakini haizuii kuambukizwa tena: akirudi kuoga penye konokono, anaweza kuugua upya.