Urefu Utangulie, Kisha Ukaguliwe

Mtu wa Bujumbura anayetafuta tovuti ya Chuo Kikuu cha Burundi huandika ub.edu.bi, lakini simu yake haizitumi nukta hizo. Seva ya majina hupokea namba 2 ikifuatwa na u na b, namba 3 na e, d, u, namba 2 na b, i, kisha sifuri: jumla baiti 11. Kila kipande hutanguliwa na idadi ya herufi zake, na sifuri huonyesha kwamba hakuna kipande kingine. Kanuni hizi, za Paul Mockapetris, zinatumika tangu Novemba 1987, na naamini njia yao ndiyo bora. Itazame barua pepe, ambayo kanuni zake za 1982 zilichagua alama ya mwisho: mstari wenye nukta peke yake. Je, mwandishi mwenyewe akiweka mstari kama huo? Inabidi programu ya mtumaji ikague barua nzima na kuongeza nukta kila mstari unapoanza kwa nukta, na ya mpokeaji iiondoe. Idadi ikitangulia, usumbufu huo haupo. Ndani paweza kuwa na nukta, sifuri au picha.

Wapo wanaosema kwamba mtumaji hawezi kutaja urefu wa kitu ambacho bado anakiandaa. Ni hoja nzito, ila tovuti ziliijibu zamani: seva hutuma ukurasa vipande vipande, kila kimoja na urefu wake, na kipande cha urefu sifuri hufunga.

Hoja inayonitia wasiwasi zaidi ni kwamba urefu unaweza kuwa wa uongo. Aprili 2014 dunia iligundua kasoro ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL: mtu alituma neno fupi, akadai lina urefu wa karibu baiti 64,000, na seva ikamrudishia kiasi hicho kutoka kwenye kumbukumbu yake, pengine pamoja na nywila za wengine. Kanuni zenyewe ziliagiza ujumbe wa namna hiyo utupwe, programu haikukagua. Kwa hiyo kuandika agizo hakutoshi. Kila kanuni inayotaja urefu iweke kikomo, kama majina ya intaneti yalivyowekewa herufi 63 kwa kipande na baiti 255 kwa jina zima, na iambatane na mifano ya ujumbe wenye urefu wa uongo, ili waandaaji wa programu, wa Bujumbura na kwingineko, waijaribu kazi yao kabla haijaanza kutumika.